Taa ya Duara Kwenye Picha za Karibu: Dalili, Chanzo na Tiba

Mtu ananunua taa ya duara ya bei nafuu, ile ambayo wengi huiita ringilaiti. Anaifunga mbele ya lenzi na kumpiga picha mbawakawa. Akiitazama picha anaona pete nyeupe mgongoni mwa mdudu, rangi zilizopauka kwa ukijani, na nyuma yake giza tororo. Taa inarudishwa kwenye boksi na haitoki tena.

Inaniuma kuona hivyo, kwa sababu mara nyingi taa haina kosa. Matatizo mengi ya taa hizi yanatokana na umbali na jinsi mwanga unavyoakisiwa, na hayo hutibiwa kwa tepu nyeusi, kipande cha karatasi na sentimita chache za kusogea. Tafuta hapa chini dalili inayofanana na yako. Ninazungumzia aina mbili: taa ndogo inayofungwa kwenye lenzi kwa adapta na kutumia betri za AA, na ile kubwa ya stendi ambayo simu hukaa katikati yake. Pale zinapotofautiana nitasema.

Anza hapa: jaribio la kuzima taa

Weka kamera kwenye hali ya M ili isijirekebishe yenyewe. Kwenye simu, tumia hali ya Pro au programu inayokuruhusu kufunga ISO (wepesi wa sensa, yaani sehemu inayopokea picha, kuitikia mwanga) na shata (muda wa kuingiza mwanga). Piga picha taa ikiwa inawaka. Izime, usibadilishe kitu kingine chochote, piga tena.

Picha ya pili ikiwa nyeusi kabisa, mwanga wote wa picha ya kwanza ni wa taa yako, kwa hiyo kasoro iko kwenye taa au mahali ulipoiweka. Ukiona sura ya kitu hata kwa mbali, kuna mwanga mwingine umeingia: dirisha, balbu ya dari, skrini ya kompyuta. Jaribio hili linachukua nusu dakika, na nitalirudia mara kadhaa huko mbele.

Picha ina giza ingawa taa inaumiza macho

Macho hayafai kuwa kipimo hapa. Taa inayokufanya ukunje uso inaweza kuwa dhaifu mno kwa lenzi ya makro, yaani ya picha za karibu, na sababu huwa tatu, mara nyingi zote kwa pamoja.

Ya kwanza ni umbali. Kwa kukadiria, mwanga hupungua kwa mraba wa umbali: kitu kikitoka sentimita 10 hadi 20 kutoka kwenye taa, kinachokifikia ni robo tu ya mwanga wa mwanzo. Taa iliyofungwa kwenye lenzi husogea pamoja nawe, hivyo kila ukirudi nyuma unaupunguza mwanga bila kujua.

Ya pili ni ukuzaji wenyewe, na hii huwapita wengi. Lenzi ikifika ukuzaji wa 1:1, yaani kitu cha milimita 10 kinachukua milimita 10 kwenye sensa, f/8 huanza kufanya kazi kama f/16 (namba ya f hupima tundu la lenzi: ikikua, tundu huwa dogo). Hesabu yake ni kuzidisha namba ya f kwa moja jumlisha ukuzaji. Kamera nyingi zitaendelea kukuandikia f/8 huku sensa ikipata robo ya mwanga unaoutarajia. Ukiwa kwenye hali ya kiotomatiki, kamera itafidia kwa kupunguza mwendo wa shata, na badala ya giza utapata ukungu wa kutikisika. Ukiwa kwenye M utaona giza lenyewe.

Ya tatu ni neno "flashi" kwenye boksi. Taa nyingi za bei nafuu hazina balbu ya xenon ndani yake. Zina LED zinazoongeza nguvu kidogo kwa muda mfupi shata linapofunguka, na nguvu hiyo haikaribii flashi halisi hata kidogo. Hesabu taa yako kuwa tochi nzuri, na mipangilio uipange kwa kadiri ya tochi.

Kwa kitu kisichosogea, tiba ni rahisi: tripodi, ISO 100, f/8, na shata taratibu kadiri inavyohitajika, hata nusu sekunde. Tumia kihesabu muda cha sekunde 2 ili kidole chako kisitikise kamera. Kwa mdudu aliye hai, anza na f/8 na 1/100, kisha pandisha ISO hadi picha ikae sawa. ISO 1600 yenye chembechembe ni bora kuliko ISO 200 yenye mdudu aliyeyeyuka. Chembechembe zinapunguzwa kwenye programu, ila picha iliyotikisika haina dawa.

Katikati kuna giza, pembeni kuna mwanga

Hapa umesogea karibu kupita kiasi. Kila LED inatupa mwanga wake mbele, na miale ya pande zote hukutana katikati baada ya umbali fulani. Kabla ya hapo kuna shimo la giza, na kitu chako kimekaa ndani yake. Rudi nyuma sentimita mbili au tatu utazame kama shimo linajaa. Kama lenzi yako inakulazimisha ukae karibu hivyo, zungushia ukingo wa ndani wa taa karatasi nyeupe yenye umbo la faneli fupi, ili sehemu ya mwanga igeuziwe katikati.

Kwa taa kubwa ya simu tatizo hili ni kali zaidi. Taa yenye kipenyo cha sentimita 26 ina nusu kipenyo cha sentimita 13. Kitu kikiwa sentimita 5 mbele ya simu, mwanga unakifikia kwa ubavu, karibu sambamba na uso wake, na kila kinyweleo kinatupa kivuli. Simu ikitokeza mbele ya duara, mwili wake unaziba sehemu nyingine. Kuna jambo jingine pia: simu nyingi zenye lenzi kadhaa huhama zenyewe kwenda kwenye lenzi pana unapokaribia. Kwenye iPhone 13 Pro, kwa mfano, lenzi hiyo hufokasi hadi sentimita 2, umbali ambao simu yenyewe inakuwa ukuta. Zima uhamaji huo kwenye mipangilio, rudi nyuma, tumia ukuzaji wa 2x au 3x. Au itoe simu kabisa katikati ya duara: laza taa juu ya vitabu viwili, kitu kikae chini yake, na simu ipige kutoka juu kupitia tundu.

Kama giza liko kwenye pembe nne za picha na katikati ni sawa, hilo ni jambo jingine. Ukingo wa taa au adapta unaonekana na lenzi. Hutokea kwa lenzi pana, au mtu anapopanga adapta mbili tatu pamoja. Tumia adapta moja inayolingana na kipenyo cha lenzi yako. Namba huandikwa mbele ya lenzi au ndani ya kifuniko chake, ikitanguliwa na alama ya ø: 49, 52, 58, 67 na kadhalika.

Pete nyeupe imejichora kwenye kitu

Hili ndilo lalamiko kuu, na lina tiba mbili tofauti kulingana na umbo la kitu. Wanaochanganyikiwa huwa wanatumia tiba ya kitu bapa kwenye kitu cha mviringo.

Tuanze na kitu bapa kinachong'aa, tuseme sarafu. Uso bapa ni kioo, na kioo ukikiinamisha kidogo kinatazama kwingine. Taa ikiwa na nusu kipenyo cha sentimita 4 na sarafu ikiwa umbali wa sentimita 15, kuinamisha sarafu kwa digrii 11 hivi kunatosha kuitoa pete nje ya picha. Tatizo la pili linazaliwa hapo hapo. Sarafu ya milimita 20 iliyoinama digrii 11 ina upande mmoja ulio mbali karibu milimita 4 kuliko mwingine, na kwenye ukuzaji wa 1:1 kwa f/8, sehemu inayotoka kali kwenye kamera ya fremu kamili (yenye sensa ya milimita 36 kwa 24) ni kama milimita 1 tu. Utaona herufi za juu ni kali na za chini zimefifia, kisha uilaumu lenzi. Piga kwa nusu ya ukuzaji huo na ukate picha baadaye: kwa f/8 ile ile unapata karibu milimita 3 za ukali, na kwa f/11 karibu milimita 4. Hapo sarafu nzima inaingia.

Kitu cha mviringo kinachong'aa, kama mgongo wa mbawakawa, tone la maji, jicho au lulu, hakina pembe ya kukuokoa. Daima kuna sehemu ya uso wake inayoitazama taa, hata ukigeuza vipi. Usihangaike kuondoa mng'ao wote. Badilisha sura yake. Funika taa kwa karatasi nyembamba nyeupe inayopitisha mwanga, ile ya kuokea inafaa sana, ili nukta nukta za LED ziungane kuwa wingu moja laini. Kisha ziba theluthi mbili za duara kwa tepu nyeusi. Kilichokuwa pete ya ajabu kinakuwa tao moja la mwanga, na jicho la mtazamaji hulipokea kama mwanga wa dirishani.

Njia ya kujua kitakachoakisiwa kabla ya kupiga: weka mgongo wa kijiko mahali pa kitu. Humo utaiona taa, uso wako, shati lako jeupe na dirisha la nyuma, vyote vikiwa vidogo. Rekebisha hadi kijiko kikupendeze, ndipo urudishe kitu.

Kuna tiba ya tatu, yenye nguvu zaidi na masharti yake. Kata karatasi ya plastiki ya polaraiza, ile inayopitisha mwanga wa mwelekeo mmoja tu, kwa umbo la duara uiweke mbele ya taa, kisha funga kichujio cha polaraiza kwenye lenzi. Zungusha kichujio ukitazama skrini, na kuna pembe moja ambapo mng'ao unazimika kama umepulizwa. Ikishindikana, chanzo cha kawaida ni kwamba karatasi ilikatwa vipande na kugundishwa kuzunguka duara, hivyo kila kipande kina mwelekeo wake. Lazima iwe kipande kimoja, au vipande vyote vielekee upande mmoja. Tarajia kupoteza stopu 2 hadi 3 za mwanga (kila stopu hupunguza mwanga kwa nusu), na kwa taa dhaifu hiyo ni bei kubwa. Usiitumie kwa chuma kitupu: karibu mwanga wote unaotoka kwenye chuma ni mng'ao, kwa hiyo ukiuzima, kinachobaki ni kitu cheusi. Plastiki angavu nazo zitatoa rangi za upinde wa mvua, na huo si ubovu wa taa.

Kila kitu kinaonekana bapa, kama kimebandikwa

Taa ya namna hii ilizaliwa kwa ajili ya hilo. Lester Dine aliibuni flashi ya duara mwaka 1952 kwa ajili ya picha za meno. Daktari alitaka mwanga uingie ndani ya kinywa bila kivuli cha shavu wala cha lenzi. Mwanga unaotoka kila upande wa lenzi hufuta vivuli, na kivuli ndicho kinachotuambia kipi kimeinuka na kipi kimezama. Kwa jino ni faida. Kwa ganda la konokono au mshipa wa jani ni hasara.

Ziba nusu ya duara. Taa nyingi zina kitufe cha kuwasha upande mmoja tu, na kama yako haina, tepu inafanya kazi ile ile. Ukitaka umbo lijitokeze zaidi, ivue taa kwenye lenzi uishike mkononi, pembeni na juu kidogo ya kitu, takriban digrii 45. Hakuna sheria inayosema taa ya duara lazima ikae kwenye lenzi, na picha zangu nyingi ninazozipenda nilizipiga taa ikiwa mkononi.

Giza tororo nyuma ya kitu lina chanzo kile kile cha umbali: mdudu yuko sentimita 10 kutoka kwenye taa, majani ya nyuma yako sentimita 60, na mwanga unaoyafikia ni kama sehemu moja ya 36. Weka jani au karatasi ya rangi sentimita chache nyuma ya mdudu, nayo itapata mwanga.

Mistari ya giza na mwanga

Mistari ya mlalo inayojirudia husababishwa na kumetameta. LED nyingi nafuu hupunguzwa mwanga kwa kuwashwa na kuzimwa kwa kasi kubwa ambayo jicho haliioni, huku shata la kielektroniki likisoma sensa mstari kwa mstari. Mistari iliyosomwa taa ikiwa imezima inatoka na giza. Ili kuhakikisha, pungia kalamu haraka mbele ya taa: ukiona kalamu nyingi zilizoachana badala ya ukungu mmoja, taa inametameta.

Pandisha taa hadi nguvu yake ya mwisho, kwa kuwa hapo nyingi hubaki zimewaka muda wote, kisha punguza mwanga kwa karatasi au umbali. Tumia shata la kimekaniki ikiwa kamera inalo, na shusha mwendo wake. Jaribio la kuzima taa likionyesha kuwa mistari ni ya balbu ya dari, chagua 1/50 au 1/100 palipo na umeme wa hezi 50, na 1/60 au 1/120 palipo na hezi 60.

Ukanda mmoja mweusi upande mmoja wa picha, ukiwa unatumia flashi halisi, ni suala la mwendo wa shata kupita kikomo cha flashi. Shuka hadi 1/160 na utauona ukitoweka.

Rangi si zenyewe

Rudia jaribio la kuzima. Kama kuna mwanga mwingine, zima balbu na funga pazia, maana hakuna mpangilio mmoja wa weupe unaotosheleza mianga miwili yenye rangi tofauti. Ukibaki na taa peke yake, piga picha ya karatasi nyeupe au kadi ya kijivu chini yake na uifanye kuwa kipimo cha weupe cha kamera. Ukijani mwingi utaisha hapo, na unaobaki utaondolewa kwenye programu kwa kusogeza rangi kidogo kuelekea majenta.

Nyekundu iliyogeuka kahawia ina ugumu zaidi. Alama ya CRI inayoandikwa kwenye boksi, yaani kipimo cha usahihi wa rangi chini ya taa, ni wastani wa rangi 8 hafifu, na nyekundu iliyokolea, inayoitwa R9, haimo kwenye hesabu hiyo. Taa inaweza kuandikwa CRI 90 kwa haki na bado ikawa maskini wa nyekundu. Kipimo cha weupe hakiwezi kurudisha mwanga ambao taa haikuutoa. Ua jekundu lipige kwa mwanga wa kivulini mchana, taa isaidie tu.

Picha haina makali

Ikuze picha na ujiulize: kuna sehemu yoyote iliyo kali? Ikiwa ipo mbele au nyuma ya ulipokusudia, fokasi ilikosea. Zima fokasi ya kiotomatiki, weka umbali mmoja, kisha yumba mbele na nyuma polepole ukipiga picha kadhaa mfululizo. Ikiwa hakuna kilicho kali na nukta za mwanga zina mikia, kamera au kitu kilisogea. Na ikiwa picha nzima ni laini kwa usawa, tazama namba ya f: f/22 kwenye 1:1 ni sawa na f/45 hivi, na mwanga unaopita kwenye tundu dogo namna hiyo hutawanyika. Rudi f/8 au f/11.

Uzito wa taa nao huchangia. Lenzi ambayo mbele yake hutokeza inapofokasi inaweza kushuka yenyewe kamera ikielekea chini, na mota yake inabebeshwa mzigo isioujua. Kwa lenzi hizo tumia fokasi ya mkono.

Taa haiwaki, au haishirikiani na kamera

Betri kwanza. Za alkalaini zinashuka haraka zikitozwa umeme mwingi. Za kuchaji za NiMH zina volti 1.2 badala ya 1.5, lakini huishikilia vizuri zaidi, ingawa kuna taa zinazozihesabu kuwa zimekwisha tangu mwanzo. Usichanganye za zamani na mpya. Ukikuta unga mweupe au wa kijani kwenye vibati, ufute kwa pamba yenye siki kidogo, kausha kabisa, ndipo uweke betri. Taa ya USB inayozimika yenyewe baada ya sekunde kadhaa ukipunguza mwanga huenda ni nzima: pawabanki nyingi hujizima zikiona kifaa kinavuta umeme kidogo sana.

Taa inayowaka lakini haipigi flashi: hakikisha hujawasha shata la kimya, maana kamera nyingi huzuia flashi katika hali hiyo. Kisha tazama mahali pa kupachikia flashi juu ya kamera. Taa nafuu hutegemea kibati cha katikati pekee, na Canon EOS 2000D, 4000D na 250D hazina kibati hicho. Kwa kamera hizo taa ya namna hii haitapiga kamwe, hata ukiisukuma vipi. Itumie kama mwanga wa kudumu, ambao kwa vyovyote ndio ulio bora kwake.

LED chache zikifa upande mmoja, ipige picha karatasi nyeupe kwa umbali wa sentimita 20 uone kivuli kinaangukia wapi. Legeza adapta, zungusha duara hadi sehemu iliyokufa iwe chini, kaza tena. Huko chini ndiko ungeweka tepu nyeusi.